Siku Mtani Alipolilia Gari la Baba

Juzi walikuja watu wa vyuma chakavu hapa Muheza kwa mwanangu, kuchukua gari lake bovu. Wakalikatakata kwa mashine yao, wakapakia vipande kwenye lori, wakaenda zao. Chai niliyomiminiwa ilikuwa ingali ya moto. Nikabaki kibarazani nacheka peke yangu. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, unacheka nini?" Nikamwambia nacheka msiba. Akaniangalia kama kwamba nimeanza kupotewa na akili. Lakini wewe mwenzangu kaa hapa, wewe utanielewa.

Kwetu ni Mwera, upande wa Pangani. Enzi hizo bado Mwingereza anatawala, na mkonge umejaa kila unapotupa jicho. Baba yangu alikuwa na gari, jeusi, alilouziwa na bwana mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Lilikuwa mkweche tangu siku ya kwanza, lakini kijiji kizima lilikuwa hilo hilo. Lilipeleka wagonjwa Pangani, likabeba nazi na mbuzi. Likifika mlimani abiria wote wanashuka wanasukuma, halafu wanapanda tena wanamshukuru baba. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli, puani inanijia pamoja na harufu ya nazi mbichi.

Siku moja likaingia uani, likakohoa, likanyamaza. Ndiyo ikawa basi. Kuku wakaanza kutagia chini ya usukani. Mmea wa maboga wa mama ukatambaa, ukaingia dirishani, ukazaa boga kwenye kiti cha nyuma. Na baba, kila Ijumaa akitoka msikitini, alichukua kitambaa akalipangusa vumbi. Ukimgusia habari zake alikuwa na jibu moja tu: "Halijafa. Limelala."

Basi dada yangu Mwanaidi akaposwa na watu wa Moa. Hapo ndipo pakawa na kazi. Ua wetu ulikuwa mdogo, na katikati yake limekaa gari, halina tairi lenye pumzi, halisukumiki. Majiko ya pilau yakae wapi? Ngoma ichezwe wapi? Baba mkubwa akasema, kama ua haujaondolewa lile dude, harusi ifanyike kwake, Muheza. Mwanaidi akaacha kula. Alitaka atolewe kwenye mlango wa baba yake, kama alivyotolewa mama kwenye mlango wa babu. Mama alimwambia baba kwa upole, wazee wakamwambia kwa mafumbo. Baba akainuka, akaacha ugali wa muhogo, bada, na samaki wa nazi pale pale mkekani, akatoka.

Mama yangu alikuwa mtu wa akili. Akakifunika chakula kile kwa kawa, akanituma kambini kwa mzee Mihambo, Mnyamwezi aliyekuwa akikata mkonge. "Mwambie mtani," akasema, "kwetu kuna msiba, na mwenyewe hajui kama amefiwa."

Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tangu misafara ya mababu. Mtani hakasirikiwi. Atakuchukulia kuku wako ukimtazama, na msibani yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu mpaka waliao wacheke. Lisilosemeka na ndugu, mtani analisema.

Asubuhi yake baba anakunywa uji, tukasikia kelele njiani. "Uuuwi! Uuuwi! Ndugu yetu jamani!" Mihambo huyo, amejifunga kanga kiunoni, amejipaka majivu usoni, nyuma yake watu wa kambini wanapiga debe.

"Nani kafa, wewe Mnyamwezi?" baba akauliza.

"Mwenye maiti ndiye unayeniuliza mimi? Wazigua mna roho gani nyie? Mnakunywa uji, maiti iko uani!"

"Gari hilo limelala."

"Ala! Basi liamshe linywe uji, mbona unakunywa peke yako?"

Majirani walikwisha kujaa. Mihambo akafungua mlango, kuku wakaruka huku wakipiga makelele. Akakaa kwenye usukani vile vile alivyokaa baba, shingo ndefu, kofia mbele, kiwiko nje. "Shukeni msukume! Wewe mnene, shuka wa kwanza! Mwanakombo, mshike mbuzi wako, ananila kofia!" Mwanakombo mwenyewe, jirani yetu, alikuwepo, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Mihambo akaigiza gari linavyokufa. Akakohoa, akakohoa, akakohoa, akalaza kichwa kwenye usukani, kimya. Dua za maziko hakuzigusa kwa mzaha hata kidogo, hapo alijua mpaka wake.

Vicheko vikakatika. Tukamtazama baba. Mabega yalikuwa yanatikisika, na machozi yanamtoka. Mama akashika mdomo.

"Mlaanifu we," baba akasema. "Lilikohoa mara nne, si tatu."

Akaangua kicheko! Kicheko ambacho nyumba yetu ilikuwa imekisahau. Akaingia ndani, akatoka na spana zake, akafungua bolti ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Mwenzangu, siku ile ilikuwa sikukuu. Mihambo akatangaza mirathi, na kila mtu akapata fungu. Springi alichukua Sefu mhunzi, akafua mapanga yaliyofyeka mashamba ya Mwera miaka na miaka. Tairi zikawa viatu vya katambuga. Mwanakombo alipata boneti, akaanikia dagaa. Kiti cha nyuma mama alikitoa boga, akakiweka barazani, na ndicho walichokalia wakwe kutoka Moa. Mihambo alipoulizwa anataka nini, akaomba jogoo kwanza, halafu akasema, "Mimi nimerithi pale lilipolala." Akasimama kwenye lile doa jeusi la oili, akaanza kucheza.

Na ndipo ngoma ilipochezwa. Mwanaidi alitoka mlangoni kwa baba, vigelegele juu, moshi wa pilau umetanda ua mzima, na baba akitembea mbele amenyoosha shingo kama anaendesha.

Wote wamekwenda sasa, Mungu awarehemu, na ule ua umejengwa nyumba ya kupanga. Wajukuu wa Mihambo wapo hapa hapa Muheza, nakutana nao sokoni. Watoto wazuri. Wanainamisha vichwa, "Shikamoo bibi," naitikia marahaba, tunapishana. Adabu tele. Lakini hata mmoja hajapata kunitania, "We Mzigua, meno yako umemuuzia nani?"