Dakika Nne za Dhahabu

Siku mama mmoja wa Kinole aliponikabidhi jogoo kwa shukrani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana mimi ndiye niliyemtia mama huyo hasara.

Naitwa Severin, fundi wa maabara hapa Morogoro. Kazi yangu ni kupaka sampuli utando mwembamba mno wa dhahabu, ili hadubini ya elektroni itoe picha safi.

Dada Shadya, mtafiti wetu, aliniletea jani la mkarafuu wa Bi Mwanvita, ndiye mama huyo wa Kinole. Mikarafuu yake ilikuwa inapukutisha majani.

Mashine nilitakiwa kuizima baada ya sekunde arobaini. Nikaiwasha, nikazama kwenye simu, nabishana na wana kuhusu penalti.

Kushtuka, dakika nne zimekatika!

Joto lilikuwa limeyeyusha nta inayolinda jani. Nikauchuna, nikampa Shadya jani vilevile bila kusema.

"Severin, njoo uone!" Shadya aliita kutoka kwenye hadubini. "Nta yote imeliwa. Huu ugonjwa mgeni kabisa."

Nikajibu, "Duh, hatari."

Kesho yake akampigia Bi Mwanvita: kata, choma, usiambukize wenzako.

Siku tisa nikaendelea kupaka sampuli kana kwamba hakuna kitu. Ya kumi nikamwambia Shadya ukweli. Akapaka mwenyewe jani jingine la mkarafuu ule lililobaki. Nta ipo, nzima. Kumbe kilichopukutisha majani ni jua kali tu.

"Nenda ukamwambie kwa mdomo wako."

Simu ya Bi Mwanvita haikupatikana. Nikapanda bodaboda hadi Kinole.

"Shikamoo, mama. Natoka maabara."

"Marahaba, mwanangu! Karibu."

Nyuma yake, visiki ishirini na sita, vyeusi tii.

Ndipo akanipa yule jogoo. "Mmeniokolea majirani."

Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Nikasubiri matusi.

"Kwa hiyo hata mikarafuu ya Luqmani ni mizima?"

"Luqmani yupi, mama?"

"Jirani yangu. Anakata leo. Nimemshawishi mimi!"

Akajifunga kanga kiunoni, akaukwea mlima mbio, mimi nyuma.

"Luqmani! Weka shoka chini!"

Mikarafuu saba ilikuwa imeshalala. Kumi na tisa ikapona.

Shadya aliniondoa kwenye mashine. Haki yake. Kila Jumamosi naenda Kinole kuchimba mashimo ya miche. Bi Mwanvita huitikia shikamoo yangu, basi.

Ndugu zangu, kukosea kazini kupo. Mimi nilikosea dakika nne tu. Zile siku tisa za kunyamaza ndizo zilizoshika shoka.