Siku Filomena Alipoacha Kugomba

Pale Temeke, Filomena hakujua kumpenda mtu bila kumgomba. Mumewe, Kasimiri, mchonga vinyago vya mpingo, alilijua hilo tangu kwao Newala. Akipiga msasa, vumbi jeusi likimjaa nyusi, Filomena angetokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Wee mwanamume! Kitambaa nilichokushonea ni cha pua au cha kufutia meza?"

Kasimiri angecheka, akakohoa, akakifunga. Filomena akigeuka tu, anakifungua. Majirani walisema nyumba ile haina haja ya redio.

Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni, na Filomena aliipima kama dawa.

"Kijiko cha pili cha nini? Babako alikuachia shamba la miwa?"

Basi, kikohozi kikaleta damu. Wakaenda hospitali, na daktari akamwita Filomena chumbani peke yake. Mapafu yamekwisha, mama, akamwambia. Masika haya hatayamaliza. Alipotoka akamkuta Kasimiri kwenye benchi, kofia gotini.

"Kasemaje?"

"Kifua tu. Kitapoa."

Akajiapiza moyoni kwamba mumewe hatalijua lile neno kwa kinywa chake. Kinywa akakifunga kweli. Hakujua kwamba kinywa chake yeye kikinyamaza ndipo kinaposema.

Tangu siku ile akawa anamwita Baba Demetria, kwa jina la binti yao aliyeolewa Kibamba, jina ambalo zamani alilitoa mbele ya wageni tu. Kasimiri akimwaga maji, yeye husema tu, "Hapana neno." Akipiga msasa pua wazi, Filomena anakuja kumfunga kitambaa mwenyewe, polepole, bila neno. Jumapili moja asubuhi akamtilia chai vijiko vitatu.

Kasimiri akaonja. Akakiweka kikombe chini.

"Filomena."

"Abee, Baba Demetria."

"Nakufa, eti?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Wiki ya pili hii hujanigomba. Mie mgeni hapa, hata nitiliwe sukari yote?"

Filomena akainamia jiko, akapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

"Nigombe, mke wangu," Kasimiri akasema. "Hizi adabu zako zinanitisha kuliko kifua."

Filomena akamtazama, akitafuta kosa. Mtu mwenyewe alikuwa amekonda, hata pa kushika hapakuwapo. Mwisho akaliona shati.

"Tazama! Mtu mzima na mvi zako, kifungo cha juu umekitia tundu la pili. Uende kanisani hivyo, watu waseme mkeo kipofu? Hovyo we..."

Akamsogelea, akaanza kuvifungua vile vifungo. Kasimiri akainua kidevu kumpisha.

"Endelea," akasema.

Akaendelea. La ndevu, la viatu, la kulala na mkanda kiunoni. Kengele ya kanisa ikaita, vifungo vyote vikawa vimekaa mahali pake, machozi yamemlowesha kifua mumewe, na yeye bado anagomba, hajui pa kukomea.