Viti vya Ukasha

Kijijini Bweni hajawahi kufa mtu akakosa wa kumzika. Masikini amezikwa, mlevi amezikwa, na mwizi wa nazi amezikwa na watu wengi kuliko imamu, maana kila aliyeibiwa alitaka kuhakikisha. Mtu akikata roho, mmoja anakwenda msikitini kutoa jeneza, mwingine anachukua jembe, wanawake wanateka maji, na sanda hutoka kwa yeyote aliye nayo sandukuni. Hakuna anayeitwa. Maiti haulizwi sanda, walisema wazee, na mpaka leo hakuna maiti aliyelalamika.

Kisha akaja Ukasha, akataka maiti aulizwe.

Ukasha ni mtoto wa hapo hapo Bweni, mwana pekee wa Mzee Muhidini na Bi Kijakazi. Alikwenda Dar es Salaam akiwa kijana, akapata udereva katika kampuni moja ya mazishi, na baada ya miaka akarudi Mafia na kitambi, simu mbili na mahema. Akafungua ofisi mjini Kilindoni. Tumtendee haki, maana hata mtu wa namna yake ana haki zake: pale Kilindoni kazi yake ilifaa. Wapo walimu na wauguzi waliotoka bara, na wakifiwa huku hawana shangazi wala mjomba wa kukimbilia. Mwalimu Godlove alipofiwa na mkewe, Ukasha ndiye aliyempatia sanduku, akatafuta boti ya kuvuka mpaka Nyamisati na gari la kumfikisha marehemu kwao Njombe. Godlove alimshukuru kwa machozi. Kwa bahati mbaya zile shukrani zilimpanda kichwani.

Akaanza kuileta biashara yake Bweni, kwa watu wasioihitaji. Akabuni vifurushi, kama vile vya simu. Kulikuwa na Kifurushi cha Kawaida, na Kifurushi cha Heshima, na cha juu kabisa akakiita Firdausi, jina la pepo ya juu, ambacho kilikuja na mahema mawili, spika, mpiga picha na viti mia vyeupe vya plastiki. Imamu aliposikia hivyo aliuliza aliyezikwa kwa Kifurushi cha Kawaida ataishia wapi. Ukasha hakucheka. Hakuwa na kawaida ya kucheka na watu wa kwao. Mbele ya wageni aliwaita washamba, na alipenda kusema kwamba watu wa Bweni wanazika kama wanaopanda muhogo.

Wapo waliomkodi, hakuna haja ya kuficha. Kuna watu wakisikia jirani kakalia kiti cha plastiki msibani hawapati usingizi. Kifo cha wengi harusi, na Ukasha aliidaka harusi hiyo kwa mikono miwili. Kila msiba alikuwepo, na hakuna msiba hata mmoja aliouhudhuria. Alisimama kando ya kirikuu chake, kigari cha mizigo chenye namba yake ya simu ubavuni, viatu vinang'aa, miwani ya jua usoni hata mvua ikinyesha. Wenzake wakimswalia maiti, yeye yumo kwenye simu. Wakirudi makaburini, yeye anapanga viti vyake garini na kukagua kama kuna kilichovunjwa mguu.

Hayo yote Bweni waliyameza. Kilichowakwama kooni ni siku ya kumzika Mzee Shaibu. Udongo ulikuwa umelowa na mzito, na wanaume walikuwa wakipokezana beleshi kama ilivyo ada: unafukia kidogo, unampa aliye ubavuni mwako, kila mtu apate fungu lake la thawabu. Iddi, aliyekua na Ukasha na kutiwa jandoni naye siku moja, akamnyooshea beleshi. Ukasha akatazama viatu vyake.

"Mie si mchimbaji, Iddi," alisema, tena kwa sauti ya kusikika. "Mie mtoa huduma. Wachimbaji wamo kwenye Kifurushi cha Heshima."

Iddi alimpa beleshi mtu mwingine. Neno lile lilifika mpaka kule kwenye mnara wa taa, mwisho wa kisiwa, kabla waliozika hawajanawa mikono.

Haukupita mwaka, Bi Kijakazi akafariki. Alikwenda alfajiri, taratibu, bila kumsumbua mtu, kama alivyoishi. Mzee Muhidini akampigia simu mwanawe Kilindoni. Mtu mwingine angevaa kandambili akaondoka. Ukasha alilia, hilo hatumnyimi, alilia kweli kweli. Kisha akafuta machozi akaanza kupakia viti.

Alichokitaka siku ile kilikuwa kimoja tu: Bweni nzima ikae kwenye viti vyake, imlilie mama yake pamoja naye. Na hofu yake ilikuwa moja vilevile. Alilikumbuka neno lake la beleshi. Je, wakimsusia? Hakuna aibu kama kususiwa msiba, mtu ukabaki na maiti wako ndani na mlango wazi. Kwa hiyo akaongeza viti, kana kwamba viti ndivyo vinavyoita watu. Akaongeza mpishi, na masufuria makubwa ya pilau. Sasa, barabara ya Bweni si ya kupitisha masufuria. Kila baada ya shimo alisimama kufunga mizigo upya, na jua likapanda.

Alipofika alikuta uwanja umejaa watu. Moyo ukamtua. Hawana kinyongo hawa, alijiambia, na kwa kuwa hawakuwa na kinyongo akawadharau kidogo zaidi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Muhidini hakumtazama usoni. "Mamaako keshaoshwa."

"Nimemletea sanda nzuri, baba. Na jeneza jipya, lina kitambaa cha nyuzi za dhahabu."

"Sanda alikuwa nayo sandukuni, kainunua mwenyewe. Na jeneza hilo la msikitini ndilo lililombeba mamaake. Wewe ulikuwa ukipakia, mwanangu. Watu walikuwa wakichimba."

Wakamswalia, wakambeba. Ukasha naye aliweka bega, na hakuna aliyemsukuma. Makaburini wajomba zake walishuka kumpokea dada yao, wakamlaza kwa ubavu, wakapanga mbao, wakapanda. Beleshi likaanza safari yake. Ukasha alikuwa amevua miwani, na kanzu yake nyeupe ilikuwa imelowa jasho mgongoni. Alinyoosha mkono. Beleshi likampita, likaenda kwa mtu wa kulia kwake. Akahama upande wa pili, akanyoosha tena. Likampita tena. Mwisho likafika kwa Iddi, na Ukasha akalishika mpini kabisa.

"Nipe, Iddi. Ni mamaangu."

Iddi alilivuta taratibu. "Utachafuka, Ukasha."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Ukasha aliinama akachota mchanga kwa viganja, akautupa mara tatu, maana hilo halihitaji ruhusa ya mtu. Kaburi likajaa, talkini ikasomwa, watu wakageuka kurudi.

Kule nyumbani vijana wake wa kazi walikuwa wamesimamisha mahema. Viti mia vimepangwa safu safu, spika inatoa kisomo, pilau inanukia mpaka njiani. Watu wakaja, wakayafikia mahema, wakayapita. Waliingia uwanja wa pili, kwa Iddi, ambako wanawake walikuwa wametandika majamvi na kupika wali na mchuzi wa samaki; maana Bweni nyumba yenye msiba haipiki, hupikiwa. Waliopita walikuwa wote, na wa mwisho wao alikuwa Mzee Muhidini na bakora yake.

"Baba, chakula kipo hapa!" Ukasha alimwita.

"Chakula cha nani?"

"Cha msiba wetu, baba."

"Msiba wetu uko kwa Iddi," mzee akasema, akiendelea kutembea. "Huo wako ni wa kukodi."

Bi Kijakazi alikuwa amezikwa kwa heshima zake zote na hakudai kitu. Waliyemsusia ni mwanawe. Ukasha alisimama katikati ya viti vitupu, sahani mkononi. Mpishi alijitia kukoroga sufuria lisilohitaji kukorogwa. Vijana wake wa kazi walitazamana, kisha mmoja mmoja wakachepuka kwenda kwa Iddi, na mwisho mpishi naye akaweka upawa chini akawafuata.

Baadaye Ukasha naye alikwenda. Alisimama ukingoni mwa jamvi, akasema, "Asalaam alaykum."

"Wa alaykumu salaam," wakaitika wote, maana salamu ni deni. Lakini hakuna aliyesogea kumpisha.

Pembeni ya jamvi palikuwa na mchanga, mweupe, mkavu, tele. Baba yake alikuwa kaukalia nusu, na nusu jamvi. Palikuwa na nafasi ubavuni mwake ya kumtosha mtu mzima na kitambi chake. Mzee aliihamisha bakora yake kutoka upande ule akaiweka upande wa pili. Ukasha aliutazama mchanga. Akaitazama kanzu yake.

Akarudi kwenye mahema, akachukua kiti kimoja, akakileta, akakaa juu yake peke yake, na vichwa vyote vya Bweni vikiwa chini ya kidevu chake.