Siku Ng'ombe Wote Walipokuwa wa Baba Mkwe

Mkitaka kucheka chekeni, maana hata mimi nikikumbuka natamani ardhi inimeze, ingawa siku yenyewe sikuwaza aibu, niliwaza tu kwamba nitauawa. Ilikuwa miaka ya elfu mbili, nikiwa mtu wa kompyuta katika chama kimoja cha wafugaji Kitengela, mimi Mluhya wa watu niliyekuwa nimemposa binti wa Mzee Sankale (mzee asiyecheka kamwe), na asubuhi ya chanjo mzee akaniinamia dirishani, "Wekesa, ile ng'ombe yangu nyeusi mmeandika ni ya jirani. Rekebisha." Watu walikuwa foleni, lakini nikaona nafasi ya kujipendekeza ndiyo hii, nikaandika amri haraka haraka bila kutaja ni ng'ombe gani (hilo tu, jamani!), na kompyuta kwa utiifu wake ikamwandikia Mzee Sankale kila ng'ombe wa chama.

Sikujua. Lilian wa ofisini akachapisha orodha ya chanjo, akaenda kuisoma kwenye kipaza sauti: "Wa Mzee Sankale. Wa Mzee Sankale. Tena... wa Mzee Sankale." Marungu yakaanza kusogea dirishani pangu. "Wewe! Umepea mkwe wako ng'ombe zetu zote?"

Nikageukia kompyuta, nikaona amri yangu haikutaja ng'ombe yeyote. Nakala ya akiba hatukuwa nayo (msiniulize), ila nilijua ile programu inaweza kuulizwa rekodi zilikuwaje muda uliopita, mradi haijazifuta za zamani kupisha mpya. Nikauliza za alfajiri, ikajibu zimeshafutika. Mtu akagonga dirisha. Nikauliza za dakika chache kabla ya kosa langu, nikafumba macho, nikaomba Mungu kwa Kiluhya. Nilipofumbua, majina yalikuwa pale, kila mtu na ng'ombe wake, nikayarudisha yote.

Nikadhani yameisha. Mzee Sankale akaingia, akafunga mlango.

"Hawa watu wanafikiri mimi ndio nilikutuma kuiba. Toka, waambie ni wewe."

Nikashika kipaza sauti, nikatangazia wafugaji wote kwamba mzee hana hatia, mjinga ni mimi. Walicheka hadi ng'ombe wakashtuka. Yeye hakucheka.

"Umesema ukweli," akaniambia. "Lakini hiyo harusi itangoja kwanza."

Ilingoja miaka miwili! Siku hizi sibonyezi kitufe kabla sijaisoma amri yangu kwa sauti, na mwenye shida, hata awe baba mkwe, apange foleni.