Elimu ya Mzee Tumbi

Kibiti walimjua Shaban kwa kushona kanzu, lakini kila Ijumaa baada ya swala cherehani ilifunikwa kitambaa na chumba cha nyuma kikageuka nchi nyingine. Mchezo ule aliupata Dar es Salaam alipokuwa anajifunza ufundi: mmoja anasimulia, wenzake kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi, na penye shaka dadu huamua. Dadu zenyewe zilikuwa za ludo. Msimulizi alikuwa Shaban mwenyewe, na wachezaji walikuwa Ally muuza vocha, Hajira mwalimu wa chekechea, na kaka yake Hajira, Sadala, rafiki wa Shaban tangu jandoni.

Sadala alikuwa Mzee Tumbi, msomi aliyemaliza vitabu vya miji saba. Mwanzoni waligombana juu ya mzee huyo. Kila Sadala alipouliza kama Tumbi anamjua jini fulani au mfalme fulani, Shaban alirusha dadu, na dadu ikianguka vibaya, basi mzee hajui.

"Wewe Shaban, mtu kasoma mpaka mvi, leo akose jina la mfalme kwa sababu ya dadu?" Sadala alilalamika. "Aliyoyasoma anayajua. Turushe kwa yaliyofichwa tu."

Shaban akaona kweli. Tangu hapo, jambo likiwa katika elimu ya Tumbi, alimnong'oneza Sadala sikioni, na Sadala akawaambia wenzake kwa maneno yake. Hapo mchezo ukanoga. Ukimnong'oneza kwamba zimwi hili linaogopa chumvi, yeye huanzia mbali, kwa mjane mchemsha chumvi wa kule deltani aliyemfundisha Tumbi siri hiyo kwa ujira wa kuchotewa maji. Shaban mwenye hadithi alibaki mdomo wazi akisikiliza hadithi yake mwenyewe.

Msimu wa ufuta, Sadala alikwenda Nyamwage kununua mzigo. Pikipiki aliyopanda ikakwepa ng'ombe, ikaingia mtaroni, na kichwa chake kikapiga jiwe. Alilazwa Dar muda mrefu. Aliporudi alitembea vizuri, alicheka vizuri, na ya zamani aliyakumbuka. Jipya ndilo lililokataa kukaa.

"Daktari kasema arudishwe kwenye mazoea yake," Hajira alimwambia Shaban. "Mchezo anaupenda, kaka. Tujaribu."

Wakajaribu. Ijumaa hiyo walifika kwenye lango la mji uliokufa, na mlinzi wa lango akataka jina la mama wa mfalme. Shaban alimwinamia Sadala, akamnong'oneza: Tumbi anajua, anaitwa Siti. Sadala akatabasamu lile tabasamu lake. Akajiweka sawa, akakohoa, akawageukia wenzake, na uso ukamganda.

"Nilikuwa nasemaje?"

Shaban akarudia. Akarudia tena. Mwisho akasema kwa sauti, "Mzee Tumbi anawaambia, jina ni Siti." Ally akashukuru haraka haraka, lango likafunguliwa. Sadala peke yake hakuingia.

"Mbona unanisemea?" akauliza.

Juma lililofuata Shaban akatafuta njia nyingine. Kila jambo la elimu lilipokuja, alirusha dadu nyuma ya kiganja, akatikisa kichwa. "Bahati mbaya, leo Tumbi hajui." Aliona bora dadu ibebe lawama kuliko rafiki yake. Akafanya hivyo kwa jini, kwa mto wa moto, kwa dawa ya sumu, mpaka Sadala akaunyoosha mkono akaufunika ule wa Shaban.

"Tumbi anajua," alisema taratibu. "Mimi ndiye nisiyejua. Usimfanye mjinga kwa ajili yangu."

Nje mtu alikuwa anajaza upepo tairi la baiskeli.

"Hajira, mchukue wewe," Sadala alisema.

"Kaka, mimi siwezi. Tumbi ni wako."

"Mchukue."

Hajira akamchukua, machozi yakimtiririka. Alipopewa neno, alilisema kama alivyolisikia, bila mjane, bila chumvi, bila chochote. Sadala alisikiliza kwa adabu. Ijumaa mbili tatu alikuja akakaa, kisha akaacha kuja. Ally naye akapata udhuru. Shaban hakuwauliza.

Baadaye Sadala akaanza kuanguka kifafa, na kila akiinuka kilichobaki kichwani kilikuwa kimepungua. Wakampeleka kijijini Mkongo kwa mama yao, Bi Mwanamkuu. Shaban alichelewa kwenda kumwona. Kila akijiandaa, kanzu ya mtu ilimngoja. Alipokwenda alimkuta kakaa kwenye mkeka ukumbini, kanenepa kidogo, kavaa shati safi. Sadala akasimama upesi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Walitiwa jandoni siku moja. Shaban alingoja acheke, maana Sadala alikuwa mtu wa mzaha. Hakucheka, alisimama vile vile akingoja kuitikiwa, na kwa kuwa aliyeamkiwa asipojibu humwaibisha aliyeamkia, Shaban akaitikia.

"Marahaba."

Alikaa. Alianza kumsimulia habari za mji uliokufa na lango lake, akajaza maelezo kadiri alivyoweza. Sadala aliitikia kwa kichwa kila penye kituo, kama mtu anayemstahi mgeni, kisha akageukia chumbani.

"Mama, huyu bwana mmempa maji?"

Bi Mwanamkuu akaleta maji kwenye kikombe cha bati, hakumtazama Shaban usoni. Shaban akayanywa yote, akashukuru, akaaga.