Nyumba Niliyoitia Kasoro

Mimi ni fundi wa magari, na kwetu mtaani Buyenzi fundi hanunui gari kuukuu bila kulisema vibaya kwanza. Unalizunguka mara tatu, unagonga bodi, unachungulia chini, unaguna. Unamwambia mwenyewe kwamba injini inakula oili hata kama haili. Akianza kulionea haya gari lake, hapo ndipo unataja bei. Nimelisha watoto kwa kuguna huko, na sikujua kama kuna kitu kisichonunuliwa hivyo.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya bibi mmoja mjane aliyehamia mtaa wa Kinanira, kule mlimani, kwa mwanawe. Tuliingia humo tukiwa maharusi, watoto wetu watatu wamezaliwa humo, na gereji yangu iko ng'ambo ya barabara. Nikikohoa huku, mke wangu anasikia. Basi bibi alipotuma neno kwamba anauza, na kwamba sisi anatupa nafasi ya kwanza kabla ya madalali, nilikosa raha. Sikukaa kitako. Nilifungua nati na kuifunga nati ileile. Mteja mmoja aliniuliza kama ninaumwa, nikamjibu vibaya, na hakuwa na kosa lolote. Tukiikosa hii, tungehamia wapi? Watu waliniambia viwanja vya Gatumba ni rahisi. Ni rahisi kweli, lakini waliojenga huko wamekwisha hama na magodoro vichwani mara ngapi kwa sababu ya mafuriko?

Bei aliyotaja bibi haikuwa ya kutuonea. Leo nalikubali hilo. Kwa akiba yetu na mkufu wa mke wangu tungeifikia, kwa kujibanabana. Lakini nilitaka ipungue, ndivyo nilivyozoea.

Alikuja Jumamosi asubuhi, amechoka, maana petroli ilikuwa haba na alisubiri teksi mpaka akakata tamaa, akaja kwa miguu. Mke wangu akamwekea chai na vitumbua. Kabla hajamaliza kikombe, nikaanza kuguna.

"Mama, angalia huu ukuta. Uko na ufa toka juu mpaka chini. Na mabati imeoza. Mvua ikinyesha, tunalala na masufuria kitandani."

Uongo mtupu. Mabati yaliwahi kuvuja mahali pamoja tu, juu ya choo, na nilikwisha kupaziba mwenyewe. Nikaendelea. Nikausema mlango, nikausema msingi, nikapiga ukuta ngumi. Ulikuwa mgumu hata vidole vikaniuma, nami nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Mke wangu alisimama na birika mkononi akinitazama. Naujua ule mtazamo.

Bibi hakubisha, na hilo ndilo lililonitia kiburi. Aliweka kikombe chini, akauliza polepole:

"Na batoto banalala humu?"

"Banalala, Mama. Tufanye nini?"

Akaondoka bila kutaja bei. Nilimwambia mke wangu kwamba bibi ameshaiva, tungoje tu atashuka.

"We unamutukania mama wa watu nyumba yake," akasema, "na chai yetu bado iko mukononi mwake."

Alinikera, lakini nilicheka.

Siku tatu zikapita kimya. Ya nne shefu, yaani mkuu wa mtaa wetu, alipita gereji, akaniambia bibi amemwomba awe shahidi Jumapili. Moyo ukaruka. Nikamuuliza amekubali bei gani. Akanishangaa.

"Apana, si we. Anamuuzia tajiri mumoja anauzaka spea za magari, atabomoa aweke duka. Mama anasema nyumba imeoza, hataki iangukie batoto bako."

Mdomo wangu ulikuwa umeniponza. Niliacha gari la watu limefunguliwa tumbo, nikaenda Kinanira kwa miguu, na ovaroli yangu ya mafuta, nikihema kwenye ule mlima kama mwizi aliyefukuzwa. Nilimkuta bibi barazani anachambua maharagwe. Niliogopa kama mtoto.

"Mama, nilikudanganya."

Hakuinua uso. "Mabati?"

"Mazima."

"Ufa?"

"Ni wa plasta tu, Mama. Mutoto aligonga na baiskeli."

"Na musingi?"

"Hauna neno. Utatuzika siye wote."

Nilijisikia nikijipandishia bei mwenyewe, neno kwa neno, na sikuweza kunyamaza. Nikamweleza jinsi chumba cha nyuma kinavyobaki baridi hata jua la saa saba, na kwamba nikiwa na hasira napenda kukaa kwenye kile kizingiti. Mke wangu sijawahi kumwambia hayo.

Bibi aliacha kuchambua.

"Ile nyumba, bwana yangu aliijenga na mikono yake. Siku ile nilirudi huku nikalia. Nikasema, kumbe marehemu alinijengea kitu kibovu, na mi nilimuamini."

Nilimwangukia magoti palepale, na sikuigiza.

Akasema kwa tajiri hajapokea kitu bado, na bei yangu ni ileile ya kwanza. Ila Jumapili, yale niliyoyasema barazani, niyaseme tena mbele ya mashahidi.

Nikayasema. Sidhani Buyenzi imewahi kuona mnunuzi akiisifu bidhaa namna ile mbele ya muuzaji. Mafundi wenzangu walichungulia mlangoni wakicheka hadi machozi. Mke wangu alikuwa shingo wazi, mkufu umekwisha uzwa, wala hakunitazama. Tukasoma Fatiha, tukanywa Fanta, shefu akaweka sahihi.

Watu walipotoka, bibi alibaki nyuma. Alikwenda kwenye ukuta ule niliopiga ngumi, akauwekea kiganja.

"Unisamehe," akasema, na hakuwa anasema na mimi.