Shafti ya Baba Mkwe

Tulitoka Shinyanga kwa sababu mke wangu hakuwa na raha. Alisikia kwamba mashua ya baba yake, iliyokuwa ikivusha unga kutoka Mwanza kwenda upande wa machimbo ya dhahabu ya Geita, inavuja tangu ifungwe injini, na mzee hataki kuipumzisha. Mimi nilikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba, nikaomba ruhusa kazini.

Treni ilitufikisha Mwanza asubuhi. Mke wangu, Mama Masanja, alipakata kikapu cha karanga njia nzima, na hadi leo harufu ya karanga za kukaanga hunirudisha kwenye behewa lile. Tulikuwa vijana bado.

Bandarini mzee alitupokea kwa furaha, akatukalisha juu ya magunia. Ziwani upepo ulikatika, akashusha tanga na kuwasha injini. Mashua ilitetemeka mpaka meno yakagongana. Kalafati, zile pamba za kuziba maungio ya mbao, zikachomoka, maji yakaingia. Tuliyakumba mpaka Nungwe, upande wa Geita, hakuna aliyemsikia mwenzake.

Nungwe, mashua ilipovutwa nchi kavu, nilichungulia nyuma. Shafti, chuma kinachotoka kwenye injini, ilitokeza nje ya beringi ya mwisho inayoishikilia kwa urefu wa mkono mzima, rafadha inayosukuma maji ikining'inia kwenye ncha. Chuma kirefu namna hiyo, kisichoshikwa na kitu, kikizunguka lazima kichezecheze. Mzee ndiye aliyeifunga. Alikuwa amepiga kafi tangu utoto, na kafi ndefu ndiyo hushika maji vizuri; akadhani shafti nayo ni hivyo hivyo.

Lakini kwetu mtu hamsahihishi baba mkwe, tena mbele ya mabaharia wake. Nilimweleza mke wangu, naye akampelekea baba yake chakula pamoja na maneno yangu. Nilisubiri kando ya mashua. Aliporudi alisema baba alikula kwanza, kisha akamwambia, "Mwambie mumeo akate."

Kesho yake tuliivutia shafti ndani, tukakata kilichozidi upande wa injini, rafadha ikakaa karibu na beringi. Mabaharia wakapiga kalafati upya.

Wakati wa kurudi upepo ulikatika tena, injini ikawashwa. Mashua ilisonga imetulia, na maji hayakuingia. Mzee, ambaye siku zote alinitumia maneno kupitia binti yake, akanigeukia mwenyewe.

"Mwanangu, ungeniacha nizame kwa ajili ya heshima?"

Nikasema hapana, baba. Akanisogezea nafasi kwenye gunia lake.

Kuanzia siku ile tulizungumza, mimi na yeye, mpaka alipofariki kitandani kwa uzee. Nilijifunza kwamba heshima haimzuii mtu kusema. Ila bado kuna siku napata neno la kumwambia, nikakumbuka hayupo.